Takwimu za chuo kikuu: pa kuzitafuta na namna ya kuzisoma ukiwa Tanga

Ukiuliza chuo fulani kina wanafunzi wangapi, unaweza kupewa majibu matatu yanayotofautiana, na yote yakawa sahihi. Ofisi ya udahili inahesabu waliochaguliwa, ofisi ya fedha inahesabu waliolipa na kusajiliwa, na idara inahesabu hata wale waliobakiza utafiti tu. Hakuna aliyekudanganya, swali lenyewe ndilo halikukamilika.

Kwa hiyo kabla hujafungua kompyuta wala kupanda daladala kwenda ofisini kwa mtu, andika swali lako kwenye karatasi likiwa na mambo manne: ni akina nani wanaohesabiwa, wa ngazi gani ya masomo, walioko wapi, na kufikia tarehe ipi. Jambo la tatu ndilo linalowasumbua zaidi watu wa Tanga. "Wanafunzi wa Tanga" wanaweza kuwa vijana waliotoka Lushoto, Handeni au Pangani wanaosoma popote nchini, na wanaweza pia kuwa wale wanaosoma katika kampasi na vituo vilivyomo mkoani, hata kama kwao ni Kigoma. Hayo ni makundi mawili, na kila moja lina mahali pake pa kuliulizia. La kwanza hupatikana kwenye safu ya mkoa anakotoka mwanafunzi, la pili kwenye safu ya kampasi au kituo. Ripoti nyingi za umma hazina safu hizo zote mbili, na nyingine hazina hata moja.

Jua kwanza chuo kiko chini ya nani

Vyuo vikuu vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Vyuo vya ufundi na taaluma visivyo vyuo vikuu, hata vile vinavyotoa shahada, viko chini ya NACTVET, baraza lililokuwa likiitwa NACTE. Ukikosea hapo utatafuta wiki nzima kwenye ripoti ambayo chuo chako hakiwezi kuwemo.

Mifano iko hapahapa mkoani. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo chake cha mkoa Tanga, na takwimu zake huenda TCU. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi Tanga, ila hicho ni cha NACTVET, hivyo hutakiona kwenye majedwali ya vyuo vikuu hata ukiyapekua mara kumi. Kisha kuna Chuo Kikuu Mzumbe, ambacho kampasi yake ya Tanga inajengwa wilayani Mkinga kupitia mradi wa HEET, yaani mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi. Chuo hicho kwenye ripoti hutajwa kwa jina la Mzumbe, na ukitafuta kwa neno Tanga pekee unaweza kukipita.

Tatizo hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Kampasi na vituo vya Tanga vingi ni matawi ya taasisi zenye makao makuu kwingine, na ripoti ya taifa hutoa jumla ya chuo mama. Tanga imo ndani ya ile jumla, imemezwa. Ukiona jedwali linaorodhesha vyuo kwa mkoa, soma maelezo yake ujue kama wanafunzi wa matawi wamewekwa mkoa wa tawi au mkoa wa makao makuu. Kama wamewekwa makao makuu, mkoa wa Tanga utaonekana hauna wanafunzi wa elimu ya juu, na mwandishi asiye mwangalifu ataibeba hiyo kama habari.

Usimamizi huo unabadilisha hata maana ya alama. Kwa shahada za vyuo vikuu, wastani wa ufaulu hupimwa kwa kipimo cha 5: daraja la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, na ufaulu wa kawaida 2.0 hadi 2.6. Astashahada ya NTA ngazi ya 4 (NTA ni ngazi za tuzo za ufundi za NACTVET) hupimwa kwa kipimo cha 4, na daraja la kwanza huanzia 3.5. Mwenye 3.6 ya astashahada hiyo ana daraja la kwanza, mwenye 3.6 ya shahada ana la pili la juu. Ukizipanga alama hizo kwenye safu moja na kupiga wastani, jibu utakalopata halina maana yoyote.

Nyaraka zilizo wazi kwa kila mtu

Anza na zilizochapishwa, kwa sababu hazihitaji ruhusa. TCU hutoa kitabu cha takwimu za elimu ya vyuo vikuu chenye idadi ya waliodahiliwa, wanaosoma, wahitimu na wanataaluma. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kwenye tovuti yao tafuta kwa neno "VitalStats". Vyuo vingine hutoa kijitabu chao. Hapo tafuta "facts and figures". Kama tovuti ya chuo imejaa matangazo na huoni kitu, iachie injini ya kutafutia ikufanyie kazi: andika site:out.ac.tz filetype:pdf halafu neno unalolitaka. Italeta mafaili ya PDF ya tovuti hiyo peke yake, hata yale ambayo kiungo chake kimeshaondolewa kwenye ukurasa wa mbele.

Mwongozo wa udahili wa TCU nao unasaidia, ila unasomwa vibaya sana. Upo wa waombaji wa kidato cha sita na upo wa wenye stashahada. Kila programu ina jina, msimbo, vigezo vya kuingia, nafasi zilizopo na muda wa masomo kwa miaka. Hiyo safu ya nafasi ni uwezo wa chuo kupokea. Programu yenye nafasi 100 inaweza kuwa na wanafunzi 23 darasani. Anayechukua safu hiyo na kuiita idadi ya wanafunzi anaandika ndoto ya chuo, si hali yake. Faida yake halisi ni kuilinganisha na waliosajiliwa: pengo kati ya nafasi na watu linakuonyesha programu isiyopata waombaji, au yenye wengi wanaochaguliwa wasifike.

Bodi ya Mikopo, HESLB, hutangaza wanufaika kwa awamu mwaka wa masomo unapoanza. Angalia tangazo ni la awamu ya ngapi, na kama linahusu wanafunzi wapya tu au pamoja na wanaoendelea. Awamu ya kwanza si mwaka mzima. Na mwenye bumu, yaani fedha za mkopo, si kila mwanafunzi, kwa hiyo usitumie idadi ya wanufaika kukisia ukubwa wa chuo.

Kuhusu fedha, soma ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inayohusu mashirika ya umma. Ripoti hizi hukabidhiwa kwa Rais chini ya Ibara ya 143 ya Katiba, kwa kawaida mwishoni mwa Machi, na hupelekwa bungeni Aprili. Zinahusu mwaka wa fedha ulioishia 30 Juni ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo unachokisoma Aprili kina umri wa miezi tisa au zaidi. Vyuo binafsi humo usivitafute. Hotuba ya bajeti ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, inayosomwa kwa kawaida mwezi Mei, ina idadi za kitaifa. Kumbukumbu za Bunge zina majibu ya maswali ya wabunge, na humo ndimo inapopatikana mara nyingine takwimu ya wilaya moja au kampasi moja ambayo haikuchapwa popote pengine. Tafuta kwa jina la wilaya: Mkinga, Korogwe, Kilindi.

Kuna chanzo kimoja ambacho watu wengi hawakifikirii. Mradi wa HEET unagharamiwa na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na Benki hiyo huweka hadharani nyaraka za miradi yake. Tathmini za mazingira na jamii za kampasi mpya hueleza eneo, majengo na idadi ya wanafunzi wanaotarajiwa. Wanaotarajiwa, tafadhali. Hiyo ni mipango, na uiandike hivyo.

Hatua tano zinazoitwa kwa jina moja

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, basi tukae hapa kidogo.

Mwanafunzi hupita hatua hizi: anaomba, anachaguliwa, anathibitisha, anasajiliwa, anaendelea. Kila hatua ina idadi yake, na kila inayofuata ni ndogo kuliko iliyotangulia. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 waombaji wa shahada ya kwanza wanaomba moja kwa moja kwenye vyuo, badala ya mfumo mmoja wa pamoja uliokuwapo kabla. Matokeo yake ni kwamba kijana mmoja anaweza kuomba vyuo vitatu na kuchaguliwa na vyote vitatu, kisha akathibitisha kimoja. Ukijumlisha waombaji wa vyuo hivyo umemhesabu mara tatu. Ukijumlisha waliochaguliwa, vilevile mara tatu. Na ukilinganisha waombaji wa 2015 na wa 2019 utaona ongezeko ambalo sehemu yake imetokana na namna ya kuomba tu.

Hata waliosajiliwa wanahitaji tarehe. Fikiria sensa: ile ya 2022 ilikuwa na siku yake, 23 Agosti, na aliyezaliwa kesho yake hakuhesabiwa. Chuo nacho lazima kiwe na siku ya kuhesabu. Hesabu ya wiki ya pili ya muhula wa kwanza inawaacha wanaosubiri mkopo ndipo wasajiliwe. Hesabu ya mwisho wa muhula wa pili imeshawapoteza walioahirisha masomo na waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli. Uliza: "Hizi ni za kufikia tarehe gani?" Ukikosa jibu, andika kwenye maelezo yako kwamba tarehe haijulikani, na usizilinganishe na za chuo kingine.

Kisha kuna miaka yenyewe. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Mwaka wa masomo kwa kawaida huanza Oktoba au Novemba. Yote miwili huandikwa kwa sura moja, 2023/24, na ndiyo maana watu hugawanya matumizi ya 2023/24 kwa wanafunzi wa 2023/24 bila kuona kwamba robo ya kwanza ya fedha zile ilitumika kabla mwaka huo wa masomo haujaanza. Ukilazimika kufanya hesabu hiyo, sema wazi umefanyaje. Tahadhari pia na 2020: vyuo vilifungwa Machi kwa sababu ya korona na kufunguliwa 1 Juni, kalenda ikasogea. Wahitimu wanaoonekana kupungua katika kipindi hicho huenda walichelewa tu.

Mipaka nayo hubadilika. Wilaya ya Mkinga ilimegwa kutoka Muheza. Kwenye mfululizo wa miaka mingi wa wanafunzi kwa wilaya wanakotoka, Muheza itaonekana imeporomoka ghafla na Mkinga imezuka kutoka sifuri. Zijumlishe mbili hizo kwa miaka yote ndipo ulinganishe.

Kokotoa kwa mikono yako

Chukua mfano wa kubuni. Programu ya miaka mitatu ilichagua watu 120, wakasajiliwa 96, na baada ya miaka mitatu wakahitimu 74. Chuo kinaweza kutangaza kwamba asilimia 77 wamemaliza, yaani 74 gawanya kwa 96. Mkosoaji anaweza kusema ni asilimia 62, yaani 74 gawanya kwa 120. Kipimo sahihi cha umalizaji ni kile cha waliosajiliwa, kwa sababu ambaye hakufika chuoni hakushindwa kumaliza. Lakini hakikisha wale 74 wote ni wa kundi lile lile. Orodha ya mahafali huchanganya waliorudia mwaka, waliosogezwa na sapu (mitihani ya marudio) na waliorejea baada ya kuahirisha. Ukichukua wahitimu wote wa mwaka huu na kuwagawanya kwa waliosajiliwa miaka mitatu iliyopita, unaweza hata kupata asilimia 104, na hapo ndipo utajua kuna kitu hakiko sawa. Hatari zaidi ni pale unapopata 88, kwa sababu 88 haishtui mtu. Omba takwimu za kundi: waliosajiliwa mwaka wa kwanza, na kati yao wangapi wamemaliza kwa muda, wangapi wamechelewa, wangapi wameondoka.

Kwa Chuo Kikuu Huria kipimo hiki kisitumike kama kilivyo. Mwanafunzi wake mara nyingi ni mfanyakazi, anaruhusiwa kuchukua miaka mingi zaidi, na kumpima kwa miaka mitatu ni kumwonea. Pima kwa miaka sita au minane, au ueleze tu ni wangapi bado wanaendelea.

Uwiano wa wanafunzi kwa mhadhiri unadanganya kwa njia nyingine. Tuseme tawi lina wanafunzi 1,800 na orodha ya wahadhiri 60. Haraka haraka ni wanafunzi 30 kwa mmoja. Chunguza orodha: 12 wako likizo ya masomo, 18 ni wa muda wanaofundisha theluthi ya mzigo wa kawaida. Wanabaki 30 wa kudumu, ongeza 6 kwa wale wa muda (18 mara theluthi), jumla 36. Uwiano wa kweli ni wanafunzi 50 kwa mhadhiri mmoja. Mhadhiri wa muda pia anaweza kuwa ameorodheshwa na vyuo viwili kwa wakati mmoja, jambo linalotokea sana penye wataalamu wachache.

Na usipige wastani wa asilimia. Kampasi moja imefaulisha 40 kati ya 50, asilimia 80. Nyingine 300 kati ya 600, asilimia 50. Wastani wa 80 na 50 ni 65, lakini waliofaulu ni 340 kati ya 650, yaani asilimia 52. Rudi kwenye idadi kila mara. Ripoti inayokupa asilimia bila idadi haitoshi kwa kazi hii, iombee idadi.

Kutoa jedwali kwenye PDF

Ukinakili jedwali kutoka PDF kwenda kwenye programu ya majedwali kama Excel, safu husogea. Jina refu la programu hukatika mistari miwili na namba zake zinashuka kwa jirani. Njia ya kukagua ni moja: jumlisha kila safu wima mwenyewe na ulinganishe na jumla iliyochapwa. Zisipolingana, angalia tofauti. Ikiwa inagawanyika kwa 9 bila kubaki, tafuta kwanza tarakimu zilizobadilishana nafasi. 540 iliyoandikwa 450 inaacha tofauti ya 90. Ikiwa tofauti ni sawa na idadi ya mstari mmoja mzima, mstari huo umepotea au umeingia mara mbili. Ikiwa ni sawa na jumla ndogo ya kitivo, umejumlisha jumla ndogo pamoja na vipande vyake.

Namba zilizolala upande wa kushoto wa kisanduku zimesomwa kama maandishi na hazitajumlishwa. Mara nyingi ni mkato wa maelfu au nafasi isiyoonekana iliyokuja nayo. PDF iliyopigwa picha kwa skana ni ngumu zaidi: programu ya kusoma maandishi huchanganya 1 na herufi l, 0 na O, 5 na S. Kwa jedwali la mistari chini ya 40 ni afadhali uandike kwa mkono, mmoja akisoma na mwingine akiandika.

Kistari, sifuri na kisanduku kitupu usivifanye kitu kimoja. Sifuri ni kwamba walihesabu wakakosa. Kistari huenda ni kwamba programu haipo kwenye kampasi ile. Kisanduku kitupu mara nyingi ni kwamba taarifa haikuletwa. Ukiyajaza yote kwa sifuri umetunga takwimu.

Faili la asili liache lilivyo. Fanya kazi kwenye nakala, na kwenye ukurasa wa kwanza wa nakala andika jina la ripoti, mwaka wake, namba ya jedwali na ukurasa, tarehe uliyoipakua, na kila ulichobadilisha. Miezi sita baadaye mtu akikuuliza ulikoitoa namba fulani, jibu liko pale.

Isipochapishwa, iombe

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma, na hata kwa taasisi binafsi inayotumia fedha za umma au yenye taarifa ya maslahi makubwa kwa umma. Taasisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Ikikataa, itoe sababu.

Ila kabla ya barua, piga simu au fika. Mazungumzo mafupi yanaokoa mwezi mzima:

"Shikamoo mama. Naomba kuonana na anayeshughulika na takwimu za wanafunzi."

"Marahaba. Unataka takwimu gani?"

"Waliosajiliwa shahada ya kwanza kituo cha Tanga, miaka mitano, wanawake na wanaume."

"Hizo kwa kituo zipo kwenye mfumo, hazijachapwa. Andika barua kwa Makamu Mkuu wa Chuo, huku ulete nakala."

Sasa umejua mambo mawili: takwimu zipo, na barua iende kwa nani. Katika vyuo vikuu mtendaji mkuu ni Makamu Mkuu wa Chuo. Katika vyuo vingine huwa ni Mkuu wa Chuo. Ukiwa Tanga, ipitishe kwa Mkurugenzi wa Kituo au kiongozi wa kampasi. Mwanafunzi wa utafiti aambatishe barua ya utambulisho kutoka chuoni kwake. Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja:

YAH: OMBI LA TAKWIMU ZA WANAFUNZI WALIOSAJILIWA, KITUO CHA TANGA, 2019/20 HADI 2023/24

Naomba kupatiwa idadi ya wanafunzi wa shahada ya kwanza waliosajiliwa katika Kituo cha Tanga kwa kila mwaka wa masomo uliotajwa, ikigawanywa kwa programu, jinsi na mwaka wa masomo wa mwanafunzi. Naomba pia nielezwe tarehe ya kuhesabu na kama walioahirisha masomo wamejumuishwa. Sihitaji majina wala namba za usajili. Ikiwezekana, zitumwe kwa barua pepe katika faili la Excel.

Sentensi ya mwisho lakini moja, ya kutohitaji majina, ndiyo inayofungua mlango. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na afisa akiona ombi linaloweza kumfichua mtu atalirudisha au atalikalia. Usiombe "takwimu zote za chuo". Ombi hilo halina pa kuanzia, na litabaki kwenye jalada.

Peleka nakala mbili masijala. Moja inabaki, ya pili wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hiyo ndiyo inayoanza kuhesabu siku 30. Uliza namba ya jalada na uiandike nyuma. Baada ya wiki mbili fuatilia kwa kutaja namba hiyo, kwa upole; karani wa masijala ndiye anayejua barua imelala meza ya nani. Zikipita siku 30 bila jibu, andika barua ya pili kwa mkuu wa taasisi ukiomba mapitio, na uambatishe ile nakala yenye muhuri.

Kabla ya kuzitumia

Makundi madogo yaangalie kwa macho mawili. Programu yenye wanafunzi watano, wanne wakifaulu, ina ufaulu wa asilimia 80. Mmoja tu angeteleza zaidi ingekuwa 60. Kwa kundi lisilofika 20 andika idadi, achana na asilimia. Na jedwali linaloonyesha kwamba mwanamke pekee wa mwaka wa tatu kwenye kampasi fulani amedisko limeshamtaja, hata bila jina. Unganisha miaka au programu mpaka kisanduku kidogo kabisa kifike angalau watu watano. Matokeo yaliyobandikwa kwa namba za usajili usiyanakili kwenye kazi yako kabisa.

Ukikuta ripoti mbili zinapingana, pima hatua, tarehe na mahali kabla hujasema kuna kosa. Tofauti nyingi huishia hapo. Ikibaki, iandikie ofisi iliyochapa, utaje jina la ripoti, namba ya jedwali, ukurasa, namba iliyochapwa na ile unayoipata kwa kujumlisha. Kwenye kazi yako weka namba zote mbili na chanzo cha kila moja mpaka wajibu.